Barua kwa Waumini wa Kinondoni na Temeke: Shura Ianzie Msikitini

Kwa wazee, masheikh, akina mama na vijana wa Mwananyamala, Tandale, Kawe, Keko, Tandika na Mbagala.

Tangu uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, ambao mshindi wake alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura huku Dar es Salaam ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikiwa imezimwa, simu za Watanzania walio ughaibuni zimejaa vipande vya mawaidha kutoka nyumbani, na mawaidha hayo yamegawanyika makundi mawili yanayoudhi kwa kiwango kilekile. Kundi la kwanza linasema demokrasia ni ukafiri, kura ni shirki, na Muislamu mwenye akili akae mbali na sanduku la kura asije akachafua imani yake. Kundi la pili linasema mwenye mamlaka atiiwe, na kwamba kuhoji namna alivyoyapata mamlaka hayo ni fitina. Watanzania walio Leicester, Muscat na Minneapolis, ambao sheria ya nchi yao haijawapa njia yoyote ya kupiga kura wakiwa nje, huyasikiliza yote mawili kwa uchungu wa mwenye njaa anayemwangalia ndugu yake akimwaga chakula.

Swali la kama demokrasia inaafikiana na misingi ya utawala katika Uislamu si geni, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika vitabu vinavyosomeshwa katika madrasa za Temeke kila jioni. Qurani, katika Sura ya 42 iliyopewa jina la Ash-Shura, inawasifu waumini kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana, na katika Sura ya 3, aya ya 159, inamwamuru Mtume mwenyewe, ambaye alikuwa akipokea wahyi na kwa hiyo alikuwa na udhuru kuliko mtu mwingine yeyote wa kutomuuliza mtu, awashauri masahaba zake. Shura, yaani utaratibu wa kushauriana kabla ya kuamua, ndiyo iliyofanyika mwaka 632 katika Saqifa ya Banu Saida hadi Abubakar akapewa baia, yaani ahadi ya utii ambayo watu humpa kiongozi waliyemridhia. Na ndiyo iliyofanyika mwaka 644 baada ya Umar kuliachia jopo la watu sita kazi ya kumpata mrithi wake, ambapo wanahistoria wanapokea kwamba Abdurrahman bin Auf alizunguka Madina akiuliza watu wanamtaka nani, wanawake wakiwamo. Urithi wa baba kwa mwana uliingia baadaye, Muawiya alipomwachia Yazid madaraka mwaka 680, na tangu hapo wanazuoni wengi wamekuwa na kazi ya kuuvumilia mtindo ambao makhalifa wanne wa mwanzo hawakuufuata. Hata Oman, ambako ndugu wengi wa pwani wana mashangazi na binamu, maimamu wa Kiibadhi kwa karne nyingi walichaguliwa na ulamaa pamoja na wakuu wa makabila, na waliweza kuondolewa wakipotoka. Masultani waliokuja kukaa Unguja walikuwa wameuacha utaratibu huo, wakirithishana utawala ndani ya ukoo.

Wanaoipinga demokrasia hutegemea zaidi hoja ya hakimiyya, yaani kwamba mamlaka ya kutunga sheria ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, hoja ambayo katika karne ya 20 ilipewa nguvu na Abul A'la Maududi wa Pakistan na Sayyid Qutb wa Misri. Jambo ambalo mawaidha ya simu hayalisemi ni kwamba Maududi huyohuyo alianzisha chama cha Jamaat-e-Islami mwaka 1941, akachaguliwa na wanachama kuwa amiri wake, na chama hicho kikasimamisha wagombea katika chaguzi za Pakistan. Nyumbani hoja hiyo ina kichekesho chake zaidi, kwa kuwa watu walewale wanaoliita Bunge nyumba ya ukafiri ndio waliolililia Bunge liwape Mahakama ya Kadhi, wakashangilia ilani ya CCM ya mwaka 2005 ilipoahidi kulipatia suala hilo ufumbuzi, na wakaumia mwaka 2015 vifungu vya kuyatambua maamuzi ya kadhi vilipoondolewa bungeni kabla ya kupigiwa kura. Mtu hawezi kulikana sanduku la kura asubuhi kisha jioni akaidai haki ambayo hupatikana kwa wabunge waliotoka katika sanduku hilo.

Hata hivyo barua hii haikusudii kuisahihisha dola. Dola ina wenyewe, na wenyewe hawasomi barua za watu waliokimbilia baridi. Inakusudia kuuliza kwa nini Waislamu wa Dar es Salaam, ambao wana malalamiko ya haki kuhusu namna wanavyotawaliwa, wamekubali kutawaliwa vibaya zaidi mahali ambapo hakuna polisi wala Tume ya Uchaguzi ya kusingizia, yaani ndani ya misikiti yao wenyewe.

Historia ya malalamiko hayo kila mzee wa Kinondoni anaijua kwa moyo. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyokuwa na mpango wa kujenga chuo kikuu cha Kiislamu, ilipigwa marufuku Desemba 1968, na mwezi huohuo BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa, chombo ambacho waumini wengi hadi leo hawakihesabu kuwa walikichagua wao. Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa miongoni mwa wanazuoni waliosimama na chama cha TANU tangu siku za mwanzo, alirudishwa Zanzibar. Hayo ni machungu ya kweli. Lakini zaidi ya nusu karne ya kuilaumu BAKWATA iliyopo Kinondoni haikuzaa mfano wowote ulio bora kuliko BAKWATA. Imezaa kamati za misikiti zisizochaguliwa na mtu, zenye mwenyekiti wa tangu enzi za Mzee Mwinyi, katibu ambaye ni mkwewe, na mweka hazina ambaye daftari lake halijawahi kuonekana nje ya kabati lake. Kila anayeilalamikia BAKWATA amejijengea BAKWATA yake ndogo, tena isiyo na ofisi ambayo mtu anaweza kuiendea kulalamika.

Hali hiyo inaonekana vizuri zaidi katika mambo madogo ya fedha. Msikiti wa kawaida wa Mbagala au Tandika una ukuta unaotazama barabara, na ukuta huo umegeuzwa frem tano au sita, yaani vyumba vya biashara vinavyokodishwa kwa muuza simu, fundi cherehani, duka la dawa na wakala wa pesa za mtandao. Kodi hulipwa ya miezi sita au ya mwaka mzima, mara nyingi kwa taslimu. Kila Ijumaa, baada ya sala, kipaza sauti hutangaza kwamba choo kimeharibika, pampu ya kisima imeungua na mchango unahitajika, na kapu linapita kwenye safu. Muumini anatoa alichonacho, wala hakuna anayeuliza kodi ya frem imekwenda wapi hata pampu ikose fundi. Mtu wa ughaibuni akitaka kutuma mchango kwa simu, jina linalomtokea kabla hajaweka namba ya siri si la msikiti. Ni jina la mtu binafsi, wakati mwingine la kijana asiyejulikana hata mtaani, naye mtumaji anajiambia kwamba nia ndiyo inayohesabiwa, anabonyeza kukubali na kuendelea na zamu yake ya usiku.

Fedha hizo katika fiqhi hazina utata. Mali iliyotolewa kwa ajili ya msikiti ni wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe, isirithiwe wala isipewe mtu, na manufaa yake yakaelekezwa kwa lengo alilolitaja mtoaji. Anayeisimamia huitwa mutawalli, naye mbele ya sheria ni mwenye kubeba amana, anayeweza kudaiwa hesabu na kuondolewa akihini. Sheria ya nchi nayo inakubaliana na hilo kwa njia yake, kwa kuwa wadhamini wa msikiti husajiliwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Fiqhi inaruhusu kudai hesabu na serikali ina daftari. Aliyekosekana ni muumini anayejua kwamba ana haki ya kuuliza.

Nchini Uingereza, nchi ambayo mawaidha ya nyumbani huitaja kama kielelezo cha upotofu, msikiti uliosajiliwa kuwa taasisi ya hisani na wenye mapato zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka hupeleka hesabu zake kwenye tume inayosimamia taasisi hizo, na mtu yeyote, Muislamu au asiye Muislamu, anaweza kuzisoma usiku akiwa kitandani, akaona majina ya wadhamini na kiasi kilichotumika kwa umeme. Inauma kukiri kwamba makafiri, kwa lugha ya masheikh wa mawaidha hayo, ndio wanaoilinda amana ya msikiti kuliko waumini wa Keko. Wala hapana haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano, kwa maana katikati ya Dar es Salaam penyewe jamaat ya Khoja Shia Ithnaasheri ina katiba, orodha ya wanachama na uchaguzi wa viongozi wake, na jamaat za aina hiyo barani Afrika zimekuwa na shirikisho lao tangu mwaka 1946. Ndugu wengi wa Temeke hupenda kusema kwamba hao ni Wahindi na wana pesa. Lakini daftari la kaunta la kuandikia hesabu ni bei ya sahani ya chipsi.

Kinachotakiwa, basi, ni kwamba kila msikiti uwe na orodha ya waumini wake, wanaume na wanawake waliotimiza miaka 18 wanaosali hapo na wanaoishi katika mitaa inayouzunguka. Kwamba waumini hao waichague kamati kwa kura ya siri kila baada ya miaka mitatu, na mwenyekiti asizidishe vipindi viwili hata akiwa na ndevu nyeupe kiasi gani. Na kwamba hesabu za sadaka, frem na michango zisomwe hadharani mara mbili kwa mwaka kisha zibandikwe ubaoni karibu na mahali pa kuvulia viatu, ambapo hakuna anayeweza kusema hakuziona. Imamu asichaguliwe kwa kura, kwa kuwa sifa zake ni za elimu na hupimwa na wenye elimu. Lakini imamu asishike fedha, na mwenye kushika fedha asijifiche nyuma ya imamu. Hapo ndipo swali la hakimiyya linapopata mipaka yake, kwani hakuna aya iliyopanga kodi ya frem ya Mbagala Rangi Tatu wala zamu ya kulinda pampu, na jambo ambalo wahyi umeliachia watu ndilo hasa linalotakiwa kuamuliwa kwa shura.

Suala la wanawake litaleta kelele, na ni afadhali kelele hizo zianze mapema. Akina mama ndio wanaopika maulidi, ndio wanaolipa ada za madrasa kutoka kwenye vikoba vyao, na ndio walioujaza uwanja TANU ilipohitaji watu, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed. Lakini mambo ya msikiti yanapojadiliwa huambiwa wakae nyuma ya pazia wasubiri habari. Sura ya 60, aya ya 12, inamwelekeza Mtume kupokea baia ya wanawake waumini. Mwenyekiti wa kamati anayeona kwamba kura ya mwanamke haistahili kupokelewa msikitini ajieleze mbele ya aya hiyo.

Gharama ya kutokuwa na orodha wala kura ilionekana Chang'ombe. Mwaka 2012 kiwanja cha Markazi, ambacho waumini wengi walikihesabu kuwa mali ya Waislamu wote, kilizua mgogoro baada ya BAKWATA kubadilishana ardhi na kampuni binafsi. Waliopinga walikiingia, na Oktoba ya mwaka huo Sheikh Ponda Issa Ponda na wenzake walikamatwa wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Pande zote mbili zilidai kusema kwa niaba ya Waislamu, na hakukuwa na njia hata moja ya kuwauliza Waislamu wenyewe. Waliokuwa na mihuri wakatumia mihuri, waliokuwa na miguu wakatumia miguu, na uamuzi juu ya wakfu ukaishia mezani kwa hakimu.

Msomaji wa Mbagala ana haki ya kuuliza ni nani aliyempa mtu wa mbali ruhusa ya kukemea. Waliobaki ndio waliokuwa Mwembechai Februari 1998 polisi walipofyatua risasi, ndio waliofungiwa ndani Oktoba 2025, na ndio wanaowabeba kwenye majeneza wazazi ambao watoto wao wametuma ubani kwa simu na kuyatazama maziko kwa video. Walioondoka wamesaidia kulipia minara ya misikiti katika mitaa isiyo na maji ya bomba, na hawakudai risiti, kwa kuwa mtu asiyekuwepo huona haya kudai kitu kwa aliyekuwepo. Haya hiyo imewafaa sana wenyeviti wa kudumu, na ughaibuni nao uwajibike kwa sehemu yake kwa kutotuma tena shilingi kwa jina la mtu binafsi.

Kwa hiyo muumini mmoja wa Tandika au Kawe asimame Ijumaa ijayo, baada ya sala na kabla watu hawajatawanyika, aulize kwa adabu hesabu ya frem ya mwaka uliopita itasomwa lini na itasomwa na nani. Akiambiwa kwamba hilo si swali la msikitini, waumini wawaandikie wadhamini barua, nakala iende RITA, na waitie saini wote, wanaume kwa wanawake.