Ng'ambo huanzia Lwakhakha

Kila likizo ya mwezi wa nane inapokaribia, swali ni lile lile katika vibaraza vya maduka hapa Mbale: mwaka huu nani anakwenda ng'ambo? Wenye uwezo hutaja Dubai. Walio na jamaa London au Toronto husema wanangoja viza. Wengine hutaja Mombasa na Unguja kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba radhi. Mimi ni mwalimu na mshahara wangu unajulikana, kwa hiyo hakuna anayeniuliza. Leo naomba nijibu bila kuulizwa.

Neno ng'ambo, ndugu msomaji, kabla ya kumaanisha Ulaya na Uarabuni, ni upande wa pili wa maji. Kwetu maji hayo ni mto Lwakhakha na mto Malaba, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mliyavuka mkiwa mmebebwa mgongoni. Wazazi wangu walivuka mwaka 1977, Amin akiwa bado madarakani. Nilizaliwa Bungoma mwaka 1979 na shule yote ya msingi nikaisoma huko. Darasani Uganda ilikuwa nchi jirani yenye rangi yake kwenye ramani. Nyumbani ilikuwa hadithi, na baba alikuwa na moja ambayo hakuchoka kuirudia: maporomoko ya Bujagali karibu na Jinja, alikopelekwa na shule yake akiwa kijana. Alisema maji yalinguruma kiasi kwamba ukitaka kumsemesha mwenzako ulimvuta sikio. Alituahidi kwamba tukirudi kwetu atatupeleka.

Tulirudi mwaka 1994. Kutoka Mbale hadi Jinja ni mwendo wa saa tatu hivi kwa basi, na hatukwenda. Kwanza kulikuwa na nyumba ya kuezeka, kisha karo zetu, kisha baba akaanza kuugua. Alifariki mwaka 2008. Nami nilipowapeleka wanangu hatimaye, ulikuwa mwaka 2012, mwaka ambao bwawa la umeme la Bujagali lilizinduliwa. Tulikuta maji mapana, yametulia kama ya kisima. Mwanangu wa kwanza akaniuliza, "Baba, maporomoko yako wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, chini ya maji.

Silaumu umeme. Madaftari ya wanafunzi nayasahihisha usiku kwa taa. Wala Bujagali haikuwa ya kwanza kupotea. Maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani, ambayo Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama kwa ajili ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Bila shaka na wakati ule walikuwapo akina baba waliosema tutakwenda mwaka ujao. Ninachouliza ni kwa nini sisi, watu tuliokulia njiani, tumekuwa wagumu kiasi hiki kusimama na kutazama.

Wafanyabiashara wa mpakani ndio wananishangaza zaidi. Mzungu hukusanya akiba mwaka mzima ili aje huku wakati wa kiangazi cha kwao. Ninyi mnasafiri kila wiki, lakini mnasafiri kama magunia: mnapakiwa, mnashushwa. Jirani yangu mwuza nguo amekwenda Dubai mara nne. Nilipomwuliza bahari ya kule ikoje, alifikiri kidogo, akasema aliona maduka ya Deira, chumba cha hoteli na mizani ya mizigo uwanja wa ndege. Nilicheka, lakini baadaye nikaona kwamba hata mimi nimepita Webuye mara zisizohesabika nikiwa nimelala.

Naam, Webuye. Malori ya mahindi hupita hapo mchana na usiku kwenda na kutoka Malaba. Si mbali na barabara hiyo mto Nzoia unaanguka juu ya miamba mahali paitwapo Nabuyole. Sisi tunaoishi kando ya mto Nabuyonga tukilisikia jina hilo tunahisi tumeitwa nyumbani. Jirani yake kuna kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika ngome yao juu ya kilima hicho kulikabili jeshi la Waingereza, na bunduki zikawashinda. Wabukusu ni ndugu zetu wa damu. Katika miaka inayogawika kwa mbili, mwezi wa nane, ngoma za tohara hulia pande zote mbili za mlima. Watoto wetu wanajua kwamba Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ni vyema wakijua, lakini ngome ya wajomba zao hawajaisikia. Mombasa ni pazuri, sibishi. Nilifika mara moja na sijaisahau harufu ya ule mji wa kale. Ila kwa nauli ya mtoto mmoja hadi Mombasa, naweza kuwafikisha kadhaa Webuye.

Mlima wenyewe unatugawa na kutuunganisha. Kilele cha Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Upande wa Kenya kuna pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwenye kuta kwa pembe zao. Tulipelekwa huko nikiwa darasa la tano. Tembo hatukuwaona, tulinusa popo, na mistari ya pembe ukutani niliipapasa kwa vidole vyangu. Atakayekwenda leo awasikilize askari wa hifadhi, maana pango hilo lilihusishwa na ugonjwa wa Marburg katika miaka ya 1980, na popo si wa kuchezewa.

Nanyi ambao watoto wenu walizaliwa ugenini na bado wanaiona Uganda kama hadithi ya baba, waleteni upande huu. Sipi iko mwendo wa saa moja hivi kutoka Mbale kwa gari, njia ya Kapchorwa. Ni maporomoko matatu, na lile refu lina takriban mita 100. Njiani kuna mashamba ya kahawa, na mwenyeji atakutwangia na kukukaangia kikombe chako hapo hapo. Mbuga za Uganda huwatoza raia wa Afrika Mashariki ada ya chini kuliko ya wageni wa mbali. Basi kisingizio cha bei kina mipaka yake.

Lakini kisingizio kimoja si kisingizio, na hapa nawageukia wakubwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Ni jambo jema, na wachuuzi wetu wamelifaidi. Je, mtoto wa shule asiyefikia umri wa kitambulisho? Miaka miwili iliyopita niliwachukua wanafunzi 14 kwenda kutazama Nabuyole. Katika kituo kimoja cha mpakani, ambacho sitakitaja, karani alizipokea barua zetu zote, za wazazi na za shule, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanakwenda kuuza nini?" Nikamjibu hawauzi kitu, wanakwenda kutazama maji. Akamwita mwenzake aje asikie. Tulikaa kwenye benchi saa tatu, mpaka mama mmoja mwuza vitunguu, anayeheshimika pale, alipokwenda dirishani akasema, "Mwanangu, waruhusu hawa, jua litawaua."

Nashukuru kwa huruma ya mama yule, lakini safari ya watoto isitegemee mwuza vitunguu. Karatasi moja ukutani ingetosha, kwa Kiswahili, ikisema mtoto anayesafiri na mwalimu wake anahitaji hati gani, zimesainiwa na nani, na kama kuna ada ni kiasi gani. Ibandikwe Malaba, Busia, Lwakhakha na Suam, na iwe ile ile pande zote mbili. Na ofisi za elimu za wilaya zinazopakana zikubaliane juu ya barua ya aina moja, badala ya kila mkuu wa shule kujitungia yake.

Atakayeniambia kwamba haya ni anasa, nitamchukua mkono hadi ukingoni mwa Nabuyonga. Mvua ikinyesha, kutoka mjini unaona maji yakishuka kwenye majabali ya Wanale kama nyuzi nyeupe, mandhari ambayo mahali pengine yangechapishwa kwenye kadi za posta. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 maji ya mito yetu, Nabuyonga ukiwamo, yalifurika na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wanafunzi wangu wamekua wakiuogopa mto huu bila kuujua. Siku ile pale Nabuyole, baada ya benchi na jua, msichana mmoja alikaa kimya muda mrefu akiyaangalia maji. Kisha akauliza kwa nini Nzoia umeachiwa nafasi pana namna ile na wetu umebanwa na nyumba. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo ubaoni mihula miwili na hakuna aliyeniuliza swali.

Mwezi wa nane huu nitavuka Lwakhakha na wanangu. Mama yangu, wajukuu wanayemwita kukhu, alisema kwanza kwamba miguu yake haitaki. Juzi akabadili nia: atakuja, mradi tupitie Bungoma kwenye ile nyumba tuliyopanga. Nikamwambia, "Mama, nilisikia ile nyumba ilibomolewa zamani." Akanyamaza kidogo, akauliza kama na mwembe waliukata.

Nikamwambia sijui.

"Basi twende tukaangalie," akasema.