Damu Haina Kiwanda

Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndimo David Livingstone alimokaa miezi kadhaa hadi alipoondoka Agosti 1872. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki huko Chitambo, katika Zambia ya leo, akiwa amedhoofishwa na maradhi na kuvuja damu. Hata angalikuwapo daktari, asingaliweza kumwongezea damu kwa usalama, maana makundi ya damu yalielezwa na Karl Landsteiner wa Vienna mwaka 1901.

Leo Tabora ina kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi. Aidha, utaalamu umewezesha damu ya mtu mmoja kugawanywa. Chembe nyekundu humfaa mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua. Chembe sahani, zizuiazo damu kuvuja, humfaa mgonjwa wa saratani ambaye dawa kali zimempunguzia zake. Lakini hizo kwa kawaida huhifadhiwa siku 5 tu.

Basi tusingoje mpaka ndugu alazwe ndipo tukimbizane kutafuta wa kumtolea. Mwanamume mwenye afya njema aweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke miezi 4. Damu haina kiwanda ila mwili wa mwanadamu.