Si Kila cha Kale ni Dhahabu



Juma lililopita, mara baada ya Misa ya asubuhi, tulitembelewa na kijana mmoja wa hapa Nyahanga akiwa amefuatana na mama yake. Alishika bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na diski moja ya gemu iliyoviringishwa kitambaa, kama wachimbaji wadogo wanavyoviringisha dhahabu wanayoipeleka sokoni. Ilikuwa mali ya marehemu kaka yake, aliyekuwa na kibanda cha gemu miaka ile ambapo televisheni moja na PlayStation moja zilitosha kukusanya watoto wa mtaa mzima. Gemu yenyewe ni Medal of Honor, iliyotoka mwaka 1999, ambamo mchezaji huwa askari wa Marekani anayepigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba gemu ya zamani imeuzwa Marekani kwa mabilioni ya shilingi. Dalali mmoja, ambaye hawajawahi kumwona kwa macho, akamhakikishia kwamba diski yake nayo ni ya namna hiyo, ila sharti itangulie shilingi laki mbili za cheti cha thamani. Nyumbani kulikuwa na magunia machache ya mpunga, yaliyowekwa kwa ajili ya ada ya kijana huyo katika chuo cha ufundi. “Baba Paroko,” mama alituuliza, “tuuze mpunga, au tuache?”

Tuliomba siku mbili za kuchunguza kabla ya kujibu, maana swali la mama halikuwa la kipuuzi, na habari aliyoisoma kijana haikuwa ya uongo. Mwezi Julai 2021, katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, nakala ya gemu iitwayo Super Mario 64, ya mwaka 1996, iliuzwa kwa dola milioni 1.56, yaani zaidi ya shilingi bilioni 3. Lakini ni lazima tuulize kilichonunuliwa hasa ni nini. Mchezo wenyewe umechezwa na mamilioni ya watu na si adimu hata kidogo. Kilichonunuliwa ni sanduku ambalo halijafunguliwa tangu litoke kiwandani, likiwa bado na nailoni yake, nalo limepewa alama 9.8 kati ya 10 na wakaguzi.

Basi wakusanyaji wa gemu za zamani hutazama mambo manne: kama kitu ni halisi, kama ni adimu, kama kimehifadhika pamoja na sanduku na kitabu chake cha maelezo, na kama wapo wanaokitamani. Hilo la mwisho huletwa na umri. Waliokuwa watoto miaka ile sasa wana mishahara, nao wako tayari kulipia kumbukumbu za utoto wao. Umri wa kitu peke yake hautoshi. Medal of Honor iliuzwa kwa wingi, kwa hiyo nakala yake halisi iliyokwisha kutumika, hata ikiwa na sanduku lake, kwa kawaida haifiki bei ya gunia moja la mpunga.

Walipurudi siku ya tatu, tuliigeuza diski ile mbele yao. Diski halisi za PlayStation ya kwanza zina upande wa chini mweusi. Hii ilikuwa na rangi ya fedha, na juu yake jina la gemu limeandikwa kwa maka peni. Ilikuwa nakala iliyorudufiwa, kama zilivyokuwa diski nyingi za vibanda vyetu. Kwa mkusanyaji haina bei yoyote, na hakuna cheti kinachoweza kubadili jambo hilo.

Ndugu wapendwa, sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu tungepaswa kulifahamu somo hili kuliko wengine. Hakuna mnunuzi wa Kahama anayelipia jiwe kwa sababu linang’aa; hulipima kwanza. Hata thamani ya ukusanyaji si ngeni kwetu. Mwaka 1916, jirani zetu wa Tabora waliona Wajerumani wakitengeneza katika karakana ya reli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa takriban elfu 16, na kila moja ina gramu 5 na ushee za dhahabu safi. Leo wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa kuliko dhahabu iliyomo, kwa sababu ni chache na asili yake inajulikana. Matapeli nao wanalijua hilo, ndiyo maana hawaishi kutuulizia “rupia za Mjerumani”.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo bei ya mnada haiwezi kulisema. Bei ya sarafu ya Tabora haiwahesabu wapagazi wa nchi hii waliokufa njiani wakibeba mizigo ya vita ile. Vivyo hivyo, mnada hulipa zaidi gemu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuifurahia. Hatuwalaumu wakusanyaji, maana bila wao vitu vingi vingekwisha kupotea. Lakini diski ya marehemu ina mikwaruzo kwa sababu ilichezwa, na mapato ya kibanda kile, mama alitueleza, ndiyo yaliyomnunulia mdogo wake sare za shule ya msingi. Hiyo ndiyo thamani iliyokuwamo, nayo imekwisha kulipwa.

Kwa hiyo, ushauri wetu kwa vijana na wazazi ni huu. Mwenye kitu cha zamani akihifadhi, akichunguze kwa watu wasio na faida katika jibu, na atazame bei zilizolipwa kweli mnadani, siyo bei zinazoombwa. Na yeyote anayedai fedha zitangulie ili akupatie utajiri, muache aende zake.

Mama alirudi nyumbani na mpunga wake haukuuzwa. Kijana alituuliza kama aitupe ile diski. Tulimwambia airudishe kitambaani, na jina la kaka yake aliandike juu ya bahasha.

Tunawatakieni Dominika njema.