Anapenda au anawinda? Ubishi wa Joe wa ‘You’

Iwe kibanda umiza Korogwe au simu kiganjani Handeni, tamthilia za mapenzi ya kung'ang'ania huzua ubishi ule ule: huyu anapenda au anawinda?

‘You’ ilipoingia Netflix Desemba 2018, wengi walimzimikia Joe, ingawa anamchungulia binti dirishani, anabaki na simu yake, kisha anaua. Mwigizaji wake, Penn Badgley, akalazimika kuwakumbusha mashabiki Twitter kwamba huyo ni muuaji.

Mtaani, binti anayetumiwa meseji za vitisho usiku kucha bado huambiwa “anakupenda huyo”. Mapenzi gani hayo? Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, 2015, kinaliita kosa: faini isiyopungua Sh5 milioni, jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Meseji zisifutwe, dawati la jinsia polisi litazihitaji.