Kiswahili cha Karakana: Somo la Klachi na Breki za Tingatinga

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba maarifa ya mitambo, na kwamba kitakomaa siku istilahi za kutosha zitakapoundwa. Nathubutu kusema kwamba hoja hii imeshika mkia ikaacha kichwa. Atakaye ushahidi na aende Junju, katika Kaunti ya Kilifi, nchi ya mkonge na machimbo ya mawe ya matumbawe, asikilize jinsi tingatinga la minyororo linavyoelezwa na walitengenezao. (Mchoraji Tingatinga wa Dar es Salaam hahusiki hapa.)

Matingatinga mengi ya zamani ya aina hiyo hayana usukani wa duara. Nguvu ya injini ikishapita kwenye giaboksi hugawanyika pande mbili, na kila upande una klachi yake na breki yake. Dereva akivuta mkono wa kushoto, klachi ya kushoto huachia, mnyororo wa upande huo hukosa nguvu, na mtambo huelekea kushoto. Akitaka kona kali, hukanyaga pia breki ya upande uo huo.

Klachi yenyewe ni pleti nyingi zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma kitupu, moja iliyobandikwa lainingi, zikibanwa pamoja na springi. Fundi akiifungua hutazama pleti zilizopinda kwa joto, meno yaliyoliwa, springi zilizochoka na, kwa klachi zifanyazo kazi kavu, oili iliyopenya kwenye sili iliyokufa. Akishaifunga huja kazi ya kurekebisha, nayo ndiyo inayotenganisha fundi na mwanafunzi. Mkono sharti ucheze kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Usipocheza kabisa, pleti hazibanwi sawasawa. Klachi huteleza na kuungua. Ukicheza kupita kiasi, klachi haiachii yote, na dereva hulazimika kukanyaga breki ipambane na injini hadi breki nayo iishe.

Msomaji na azingatie vitenzi: kushika, kuachia, kucheza, kuteleza, kuliwa, kuchoka, kufa. Nomino ndizo zilizokopwa. Vitenzi ni vyetu wenyewe, na ndivyo vinavyobeba maelezo. Kazi ya BAKITA tangu 1967 ni ya kuheshimiwa, lakini orodha za istilahi kwa kiasi kikubwa ni orodha za nomino. Tunabishana iwapo “klachi” ni neno safi, ilhali maarifa yenyewe yanapita pembeni yetu katika vitenzi ambavyo hakuna anayeviandika.

Hasara yake si ya kinadharia. Tingatinga likishuka mteremko mkali huku injini ikilizuia, kuvuta mkono wa kushoto bila breki huufungulia mnyororo wa kushoto ukimbie kuliko wa kulia, na mtambo huelekea kulia. Dereva aliyeambiwa tu “vuta kushoto uende kushoto” anaweza kujipindua. Kitabu cha mtambo kwa kawaida kimeandikwa Kiingereza. Kijana wa Junju amezaliwa katika Kichonyi au Kigiriama. Daraja baina ya viwili hivyo ni Kiswahili cha mdomo, na fundi akifa daraja huondoka naye. Kule Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, mradi wa karanga wa Waingereza ulileta matrekta kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya vita. Yaliharibika kwa wingi mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Nitajibiwa kwamba lugha ya karakana ni mchanganyiko usiofaa kuingia kitabuni. Mbona lugha ya mabaharia, yenye maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kireno, tunaisifu kuwa hazina? Umri wa mkopo ndio pekee unaotofautisha.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Pwani, walio jirani, wangeweza kuifanya kazi hii kwa tasnifu moja tu: wakae karakana, wanukuu mafundisho ya fundi kwa mwanagenzi wake, neno kwa neno, na matusi yakiwamo. Waanze na kitenzi “cheza”, kwa maana kinavyotumika kwa mkono wa klachi, kwa beringi na kwa gurudumu, na kwa nini huko kimoja ni sharti la uzima na kingine ni dalili ya ugonjwa.