Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Titi lililoondolewa kwa sababu ya saratani lijengwe kwa nyama ya mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Niko Chamazi, wilayani Temeke. Nakuandikia kuhusu wanawake waliopona saratani ya matiti. Wapo huku kwetu Mbagala, Kijichi na Toangoma, na wapo upande wa Kinondoni, Tandale hadi Bunju. Wamekatwa titi, wamemaliza dripu za dawa, wamepigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, wamerudi nyumbani. Kwenye mafaili kazi imekwisha. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua genge au kuwahi daladala, mtu anakunja kitambaa na kukishindilia ndani ya sidiria ili dera likae sawa.

Naomba jambo moja. Kumjengea mwanamke titi baada ya kuliondoa kuhesabiwe kuwa ni sehemu ya matibabu ya saratani, na njia itakayotangulizwa iwe ile ya kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe badala ya mfuko wa silikoni.

Sababu ya kwanza ni ya kitabibu. Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa nchi hii, nyuma ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshaingia hatua ya tatu au ya nne. Anayefika hatua ya tatu akaondolewa titi, kwa kawaida hupewa na mionzi ya kifua. Sasa mionzi na silikoni havipatani. Mwili ukiingiziwa kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu. Kifua kilichopigwa mionzi hufanya utando huo uwe mgumu na kubana, titi likapanda juu na kuuma. Kuna wanaofunguka kidonda, mfuko ukalazimika kutolewa, na mgonjwa akarudi pale alipoanzia akiwa na kovu la pili. Nyama hai, yenye mishipa yake ya damu, huvumilia zaidi, na huipelekea damu mpya ngozi iliyochakazwa na mionzi. Kwa hiyo hao wanaofika wamechelewa, ambao ndio wengi wetu, ndio wanaofaidika kidogo na mfuko na zaidi na nyama yao.

Hata pasipo mionzi, mfuko si wa maisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri mwenye mfuko wa silikoni apigwe picha ya ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, kwa sababu unaweza kupasuka kimya kimya na mwenyewe asihisi lolote. Mama anayeuza vitumbua Rangi Tatu atoe wapi fedha ya vipimo hivyo kwa maisha yake yote? Nyama iliyokwisha kushika kifuani haina ratiba hiyo. Hunenepa akinenepa, hukonda akikonda, huzeeka naye.

Historia nayo inatufundisha. Mwanamke wa kwanza kuwekewa mifuko ya silikoni alikuwa Timmie Jean Lindsey, mjini Houston, mwaka 1962. Miaka 30 baadaye, 1992, Marekani ilizuia matumizi yake ya kawaida, na zuio likadumu hadi 2006. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza mifuko silikoni ya viwandani. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa duniani kote mifuko yake yenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kandokando ya mfuko.

Sisemi silikoni yote ni hatari. Wanawake mamilioni wanaishi nayo bila shida. Ninachosema ni kwamba kitu kile kinahitaji nchi yenye daftari la nani kawekewa nini, lini na wapi. Huku kwetu kuna mwanamke ambaye ukoo ulichanga, akaenda kutibiwa India, akarudi na mfuko kifuani. Siku kampuni ikitangaza kuiondoa bidhaa yake sokoni, nani atampigia simu? Huyo naye ahesabiwe katika ombi hili. Mfuko wa mtu wa namna hiyo ukigoma, utolewe hapa hapa nchini, na mahali pake pawekwe nyama yake, kama wafanyavyo madaktari wa kwingine.

Maarifa yenyewe si mageni. Mtaliano Iginio Tansini aliandika mwaka 1906 jinsi ya kuchukua nyama ya mgongo na kuziba kifua. Mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Marekani akaonyesha namna ya kujenga titi kwa nyama ya tumbo. Miaka ya 1990 daktari Robert Allen, pia wa Marekani, akaendeleza njia ya kuchukua ngozi na mafuta ya tumbo bila kuchukua msuli. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosifiwa zaidi leo, lakini inadai hadubini ya upasuaji, saa nyingi mezani, na timu ya kumwangalia mgonjwa usiku kucha, maana mshipa wa damu ulioungwa ukiziba, nyama yote inakufa. Ya mgongo haidai hayo. Msuli na ngozi yake vinapitishwa chini ya kwapa hadi kifuani huku mshipa wa damu ukiwa haujakatwa. Kwa maoni yangu tuanzie hapo.

Najua kila njia ina bei yake mwilini, na wanawake wa huku lazima waelezwe bei hiyo kwa lugha inayofanana na kazi zao. Ukichukua msuli wa tumbo, tumbo linadhoofu na ngiri inaweza kutokea. Anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani, au anayekoroga sufuria la wali la mama lishe, ana haki ya kulijua hilo. Ukichukua wa mgongo, bega huchelewa kupata nguvu, na mwenye titi kubwa huenda nyama isitoshe. Wapo watakaosikia yote hayo wakasema hawataki kisu kingine. Hao nao wasidharauliwe: wapewe sidiria maalumu na titi la bandia la kuvaa, au waachwe na kifua chao bapa, kwa amani.

Tatizo ni kwamba wengi hawasikii chochote. Dada yangu alipokatwa titi, hakuna aliyemtajia kwamba kuna kujengewa. Aliambiwa amshukuru Mungu kwamba yu hai. Alishukuru, na hadi leo anashukuru. Ila ameacha kuhudhuria shughuli. Kicheni pati anatuma mchango na kanga, yeye habanduki nyumbani, kwa sababu kwenye shughuli watu wanakumbatiana na kucheza, na kitambaa kinahama. Wakati muafaka wa kumwambia ulikuwa kabla ya upasuaji, kwa kuwa namna ngozi inavyokatwa siku ile ndiyo inayoamua kitakachowezekana baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo wizara yako inalilia kila mwaka: kuchelewa. Mwaka 2005 Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilipoanza kampeni ya kupima matiti, wanawake walijitokeza kwa maelfu. Kwa hiyo si kwamba wanawake hawajali. Kinachomrudisha mtu nyuma mara nyingi ni kile anachokiona kwa jirani: aliingia hospitali na uvimbe, akatoka bila titi, ndoa ikatetereka. Basi naye anaficha uvimbe wake na kwenda kwanza kwa mganga. Akimwona jirani ametoka na titi lililojengwa, atakuwa na jambo lingine la kupima moyoni.

Mheshimiwa, mikono ipo. Mwaka 2023 Hospitali ya Muhimbili Mloganzila ilipoanza upasuaji wa kurekebisha maumbile, mazungumzo mitaani yalikuwa ya makalio na matumbo. Lakini nyama ya tumbo inayokatwa na kutupwa kwa anayetaka tumbo bapa ndiyo hiyo hiyo inayojenga titi. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao makuu Arusha, kina mafunzo ya ubingwa wa upasuaji rekebishi. Wizara ingeweza kuwalipia vijana wetu nafasi humo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kilianza kutumika Machi 1, 2024. Hapo ndipo maneno yanapotakiwa kuandikwa: ujenzi wa titi baada ya saratani utajwe kwa jina lake, usiachwe kuchanganywa na urembo. Marekani iliandika hivyo katika sheria mwaka 1998: bima inayolipia kuondoa titi lazima ilipie na kulijenga upya, pamoja na kurekebisha la pili ili yalingane.

Naomba jibu la wizara kwa maandishi, lichapishwe kama barua hii. Je, kitita kitautaja upasuaji huu? Je, Ocean Road na Muhimbili zinaweza kukaa kliniki ya pamoja japo siku moja kwa wiki, ili mgonjwa asikutane na daktari wa saratani Ocean Road na kumtafuta wa upasuaji rekebishi Mloganzila kwa nauli yake? Na wauguzi wa hospitali za Temeke na Mwananyamala, ambako wengi wetu hupeleka uvimbe kwa mara ya kwanza, wataelekezwa lini kumwambia mgonjwa, kabla hajasaini fomu ya upasuaji, kwamba kuna kujengewa?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Chamazi, Temeke
Dar es Salaam