Kinini ya Kivu: dawa ya moyo ambayo wagonjwa wengi hawaipati

Wakaaji wa Kivu ya Kusini wanaujua mti wa kinkina. Magome yake machungu hutoa kinini, na kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imejulikana kwa miaka mingi kwa kuitengeneza. Lakini si wengi wanaojua kwamba kinini hiyo ndiyo mali ghafi ya kinidini, dawa ya kutuliza moyo unaopiga ovyo.

Habari hii ilianzia kwa mgonjwa. Alimweleza munganga Wenckebach kwamba akimeza kinini, moyo wake unarudi sawa. Mwaka 1918, Walter Frey alionyesha kwamba kinidini ina nguvu kuliko kinini yenyewe.

Baadaye zilikuja dawa nyingine, kama amiodarone, na vyombo vya umeme vinavyopandikizwa kifuani. Hata hivyo kinidini haijapoteza kazi. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Brugada, ambao unaweza kuua mtu usingizini akiwa bado kijana. Kwa baadhi ya wagonjwa hao kinidini ndiyo kinga, hasa kwa asiyeweza kupata chombo cha umeme.

Uchunguzi wa nchi 131 uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta dawa hiyo inapatikana kwa urahisi katika nchi 19 tu. Katika nchi 99 haikupatikana kabisa. Waganga walitaja wagonjwa 22 waliopatwa na hatari ambayo huenda ilitokana na kuikosa; wawili walikufa.

Sababu si ukosefu wa magome. Kinidini ni ya zamani, bei yake ni ndogo na wanaoihitaji ni wachache, kwa hiyo faida ni haba. AstraZeneca iliacha kuitengeneza mwaka 2006. Nchini Marekani, ile ya sindano ilitoweka mwaka 2019.

Upande wa malaria nao umebadilika. Tangu 2011, OMS inashauri artesunate kuliko kinini kwa malaria kali ya watoto pia, baada ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo. Kwa mkulima wa kinkina, maana yake ni soko moja kubwa linalopungua. Soko la moyo peke yake ni dogo mno kuziba pengo hilo. Ndiyo maana dawa kama hii haiwezi kuachiwa biashara peke yake: serikali na mashirika ya afya yanapaswa kuiagiza na kuiweka akiba.

Onyo moja: kutafuna magome au kumeza kinini ovyo si tiba ya moyo. Kinidini yenyewe ikizidi inaweza kuvuruga mapigo mpaka kuua. Mwenye kuzimia bila sababu, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, aende hospitali apimwe moyo.